Daftari la Majina ya Nyanya

Kazi niliyoajiriwa kufanya Dubai ilikuwa ya mikono na mgongo. Kumwinua mzee kitandani, kumwogesha, kumlisha, kumtembeza ukumbini hatua ishirini kwenda na ishirini kurudi, kumpa dawa kwa saa zake. Kusoma hakukuwemo kwenye mkataba. Lakini mwezi wa pili nilisoma kwa sauti karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, na yale maneno marefu ya kitabibu hayakunikwamisha. Yule mzee akageuza shingo kuelekea sauti yangu, akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia nimesoma shule ya wasichana, magharibi mwa Kenya, na kwamba Kiingereza ndilo somo nililokuwa nikiongoza darasa zima. Tangu siku hiyo nikawa na kazi mbili.

Alikuwa mjane wa Kiingereza, umri wake miaka sabini na minane, aliyeletwa kwa mwanawe baada ya kuanguka jikoni kwake huko Uingereza na kulala sakafuni siku nzima bila mtu kujua. Mwanawe ndiye aliyekuwa sir, mke wa mwanawe ndiye madam, nao walikuwa na binti mmoja wa miaka tisa. Tuliishi Al Barsha, ghorofa ya nane. Dirisha moja lilitazama maegesho ya duka moja kubwa na jingine lilitazama kreni, kwa maana miaka ile kila dirisha la Dubai lilikuwa na kreni yake. Mzee hakuziona. Macho yake yalikuwa yameharibika katikati, akawa anaona vilivyo pembeni tu, kwa hiyo ukitaka akuone ilibidi usimame pembeni. Mbele ya watu nilimwita Madam, kama nilivyomwita mke wa mwanawe. Nikiwa na wenzangu nilimwita Madam Mkubwa.

Tulisoma baada ya chakula cha mchana mpaka adhana ya alasiri. Alikuwa amekuja na makasha mawili ya vitabu na sanduku moja tu la nguo, na hilo peke yake lilinifanya nimheshimu. Vilikuwa vitabu vya zamani vyenye karatasi za kahawia zinazonuka stoo. Riwaya nene ambazo watu wanaandikiana barua kurasa arobaini kabla hawajashikana mikono, tamthilia za wafalme, hadithi za vijijini zenye ukungu na mbwa. Nilikaa wima kwenye kiti kisicho na mto kwa makusudi, kwa sababu nikiegemea tu nalala. Nilikuwa nimeamka saa kumi na moja alfajiri kama kila siku, na miguu yangu ilikuwa imevimba kama kila siku.

Katika vitabu vyote hivyo alitaka kitu kimoja. "Ukikutana na neno lolote la kumwita nyanya," aliniambia, "simama hapo, uliandike." Akanipa daftari lenye jalada la kijani.

Nilidhani ni mchezo wa mtu asiye na la kufanya. Baadaye akaniambia sababu. Mjukuu wake alipozaliwa, madam alimuuliza angependa mtoto amwiteje, naye akajibu kwa majivuno kwamba jina lake la ubatizo lingetosha, maana hakutaka kufanywa kikongwe wa kufuma soksi. Basi mtoto akakua akimwita kwa jina lake, kama anavyomwita dereva au mwalimu wa kuogelea. Sasa binti huyo alikuwa apelekwe shule ya bweni Uingereza Septemba ya mwaka uliofuata, na mzee alitaka aondoke akiwa na neno la kumwitia. "Lakini 'granny' sitaki," alisema. "Nalichukia mpaka leo. Lazima kuna jingine. Lugha hii ina umri mkubwa."

Tukalitafuta. Neno la kwanza nililoandika lilikuwa "grandam". Hilo hutamkwa na wana wa wafalme kwenye tamthilia, na nikaona kwamba hulitamka hasa wanapotaka kitu: kiti cha enzi, siri ya ukoo, ushahidi wa kuzaliwa. Akishatoa alichoombwa, bibi huyo haonekani tena mpaka pazia linafungwa. Likafuata "gammer", la hadithi za vijijini, la mwanamke mwenye paka, gurudumu la kusokotea nyuzi na paa linalovuja. Lina pumzi ya moshi ndani yake. Mwandishi akilitumia ujue tayari ameshaamua kwamba mwanamke huyo ni maskini na kwamba atasema jambo la kuchekesha. Kisha "eldmother", mama mzee, neno la kaskazini ambalo tulilikuta mara moja tu, kwenye maelezo madogo chini ya ukurasa, limekufa kabisa.

Nilianza kuwa na maoni yangu. Nilimwambia Madam Mkubwa kwamba waandishi wake ni wavivu. Nyanya katika vitabu hivi hana jina, hana kazi, hana hata njaa. Ameketi karibu na moto. Kazi yake ni kuugua katika sura ya tatu ili kijana arudi kutoka mjini, na kufa katika sura ya tano ili kijana arithi. Mzee alicheka mpaka nikamshika bega asije akateleza kitini. Akasema mwalimu wake wa chuo hakuwahi kusema jambo la maana kama hilo, nami nikafurahi kuliko nilivyotaka aone.

Mimi nilikuwa na wangu, ndiyo maana niliona hivyo. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tatu, nikalelewa na mama yake baba. Kwetu nyanya tunamwita kukhu. Kukhu alipika busaa, pombe yetu ya nafaka, na kuiuza uani kwake, na kwa busaa hiyo nilisoma hadi kidato cha nne, huku mapadri wakimsema kanisani Jumapili na askari wakimmwagia pipa Jumatatu. Jumanne alikuwa anaanika tena unga wa wimbi.

Na kwetu kuna desturi ambayo ni lazima niieleze, kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Nyanya na mjukuu wa kike ni wake wenza. Babu ni mume wenu wote wawili, hata kama amelala kaburini miaka ishirini, na nyinyi mnamgombania kwa matusi. Mama yako huwezi kumtania, shangazi yako ndiyo kabisa. Lakini kukhu anaweza kukuambia miguu yako ni ya korongo, nawe ukamwambia meno yake yamehamia kwa jirani, na walio karibu watacheka. Asiyetaniwa na mjukuu wake ni mzee aliyesahauliwa. Utani ukikoma, watu hujua pana ugomvi nyumbani.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nilipanda basi hadi Al Muraqqabat, upande wa Deira, kwenye chumba ambacho wanawake sita waligawana, watano wa kwetu Kenya na mmoja Mtanzania wa Tanga. Baada ya ibada tulipika ugali, tukanyoosha miguu ukutani, na mimi nikakwangua kadi ya simu niliyonunua bakala, duka dogo la mtaani, na kupiga nyumbani. Shangazi yangu aliishika simu kwenye sikio la kukhu. Tulizungumza lugha ya kwetu, na mwanzo wetu ulikuwa uleule kila wiki.

"Mke mwenza, hujafa bado huko jangwani?"

"Sijafa. Na wewe utakufa lini uniachie nyumba?"

"Nitakufa siku utakayojua kupika. Mume wetu hawezi kula ule uji unaouita ugali."

Kisha ananiuliza: "Wiki hii mimi ni nani?" Ndiyo zawadi niliyompelekea, maneno ya Madam Mkubwa. Niliposema "grandam" aliagiza shangazi alete kiti cha maana. "Gammer" alilikataa, akasema linasikika kama mtu anayekohoa. Siku nilipompelekea "beldam" nilisita kidogo. Madam Mkubwa alikuwa amenieleza kwamba neno hilo lilianza kwa heshima kubwa, jina la kumwita mama wa mzazi wako, halafu likachakaa taratibu, likawa la kizee yeyote, na mwishowe kwenye vitabu likawa jina la mchawi, kizee mwenye sura mbaya anayekoroga chungu.

"Alifanya nini mpaka wakambadilikia?" kukhu aliuliza.

"Hakufanya kitu. Alizeeka."

"Basi?"

"Basi."

"Hilo waachie wenyewe," alisema.

Alilolipenda lilikuwa la Uskoti, "luckie", ambalo watu wa huko walimwitia nyanya na pia mwanamke mwenye kuuza pombe nyumbani kwake. Nilipomweleza alipiga kelele mpaka shangazi akaondoa simu sikioni. Kumbe Wazungu nao walikuwa na busaa yao na nyanya wa kuipika, na wakamwandika vitabuni! Alitaka nimwambie padri. Kwa wiki kadhaa hakuitika jina jingine.

Ilikuwa Agosti, nikiwa na miezi kumi na saba kazini, shangazi alipopokea simu peke yake.

"Kukhu amekataa chakula tangu Jumanne," alisema. "Daktari amesema turudi naye nyumbani. Anakuulizia wewe tu, mama. Anauliza mke mwenza amefika wapi, ni kama unatoka hapo sokoni. Omba ruhusa ukuje. Usingoje."

Likizo yangu ilikuwa baada ya miaka miwili. Pasipoti yangu ilikuwa kwenye droo ya sir, kafeel wangu, yaani mdhamini wa viza yangu, na bila yeye sikuwa na njia. Chumba kizima kikaanza kunishauri. Mmoja akasema, "Usiwaambie ni nyanya. Sema ni mamako. Nyanya hawahesabu hawa." Nikamkumbusha kwamba mama yangu nilishamzika kwenye fomu zao za mwanzo kabisa. Yule wa Tanga akasema, "Mwombe huyo bibi yako wa Kizungu akusemee. Mwanamume gani atamkatalia mama yake?"

Jumamosi nikamwomba madam. Aliniambia pole, na nadhani aliimaanisha. Akauliza kukhu ana miaka mingapi. Nikasema themanini na kitu, nikaona uso wake ukitulia, kama mtu aliyepata jibu la swali lake. Themanini na kitu, kwake, haikuwa tena habari ya kushtua. Akasema tutaangalia Septemba, binti akishaenda shule, kwa sababu sasa nyumba ina mambo mengi.

Mchana nilisoma vibaya. Niliruka mistari. Madam Mkubwa akauliza kuna nini, nami nikamwambia. Alinyoosha mkono mpaka akaupata mkono wangu. "Mwanangu anarudi kutoka Doha Jumanne," alisema. "Niachie mimi. Utasafiri Jumatano."

Nataka ieleweke nilikuwa nimechoka kiasi gani, si kama kisingizio. Miezi kumi na saba nilikuwa nimeishi kwa "yes, madam" na "no, sir". Nilikuwa nimejifunza kucheka bila sauti. Na ghafla mtu mmoja katika nyumba ile alinishika mkono akasema niachie mimi. Moyoni mwangu, bila kumwomba ruhusa, nikamhamisha mzee yule. Nikamtoa upande wa mabosi nikamweka upande wa kukhu.

Jumatatu, siku moja kabla sir hajarudi, aliniambia nitoe albamu ya picha. Kulikuwa na picha ya marehemu mumewe, kijana mwenye nywele za mafuta, ameegemea pikipiki, anacheka na mtu asiyeonekana. Yeye hakuweza kuiona vizuri, akataka nimweleze. Nikamweleza nywele, nikamweleza pikipiki, nikamweleza lile tabasamu. Halafu mdomo ukanitangulia.

"Mwanamume mzuri hivi umekaa naye peke yako miaka yote hiyo?" nilimwambia kwa Kiingereza. "Inatosha. Sasa ni wangu. Wewe utakufa lini uniachie huyu mume, na hii nyumba?"

Nikacheka, nikajipiga paja. Kile kicheko cha kwetu, cha sauti.

Madam Mkubwa hakucheka. Mkono wake ulibaki juu ya albamu. Nilipoinua macho, madam alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Alikuwa amerudi kuchukua nguo za kuogelea za binti, na sijui alisimama pale kwa muda gani. Alikuwa amesikia yaliyomtosha. Alikuja, akanyoosha kiganja mbele yangu, na nikaelewa alitaka ufunguo wa kabati la dawa. Ulikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu. Nimemkasirikia mwanamke yule kwa mambo mengi, lakini si kwa hilo. Ningekuwa mimi nimemkuta mtu mwenye funguo za dawa akimuuliza mama yangu atakufa lini, na kucheka juu yake, ningepiga kelele mpaka barabarani.

Nilijaribu kueleza. Nikasema ni desturi. Nikasema kwetu sisi ni wake wenza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuharibika, maana sasa ilionekana kana kwamba nadai mume wa mtu na nyumba yake kwa mila.

Kwa hiyo Jumanne sir aliporudi hakukuta ombi langu. Alikuta mashtaka.

"Ulisema hivyo?" aliniuliza.

"Ndiyo, sir, lakini kwetu..."

"Ulisema hivyo?"

"Ndiyo, sir."

"Khalas," alisema. Alikuwa amekaa Ghuba miaka mingi, neno hilo la Kiarabu, la kusema yamekwisha, lilimtoka kirahisi. Nitabaki mpaka ofisi iliyonileta ipate mtu mwingine, kisha nitarudishwa ofisini. Na kurudishwa ofisini hakukuwa kurudishwa nyumbani. Ofisi ingenipeleka nyumba nyingine, kwa watu wengine, na kule ningeanza kuhesabu miaka miwili upya. Pasipoti ingebadilisha droo tu.

Jumatano, siku niliyokuwa nisafiri, nilisugua vigae vya bafu. Kusoma kulikoma. Nilimwogesha Madam Mkubwa mlango ukiwa wazi na madam akiwa ukumbini, na sote wawili hatukusema kitu zaidi ya inua mkono, shusha mkono. Alhamisi hivyohivyo. Ijumaa sikuruhusiwa kutoka. Nilijichukia. Nilijiita mjinga kwa lugha tatu huku nikikunja shuka, na nilimchukia pia yule mzee kwa kunyamaza, kwa sababu yeye ndiye angeweza kusema neno moja na hakulisema. Alionekana mdogo sana kitini mwake siku hizo. Sasa nadhani alikuwa ameumia. Alikuwa ameanza kunipenda, halafu nikamuuliza atakufa lini.

Jumamosi sir alimpeleka binti Hatta kuona milima na bwawa kabla hajaenda shule. Madam alibaki kunichunga. Baada ya chakula cha mchana, nikiwa namwekea mzee mto wa mgongo, aligeuza uso pembeni ili anione.

"Niambie ulimaanisha nini," alisema. "Taratibu. Kama unanisomea."

Nikaketi kwenye kile kiti changu kisicho na mto. Nikamwambia yote: kukhu, babu, mume mmoja wa watu wawili, meno yaliyohamia kwa jirani. Nikamwambia kwamba kwetu mzee akiulizwa atakufa lini maana yake bado yupo sana, na kwamba mgonjwa hatuwezi kumuuliza hivyo, tunamuuliza mtu tunayemwona mzima na tunayetaka abaki. Nikamwambia sijawahi kumuuliza mtu mwingine yeyote duniani isipokuwa kukhu na yeye.

"Na yeye hujibu nini?" akauliza.

"Husema atakufa siku nitakayojua kupika."

Kwanza mabega yake yakatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akacheka mpaka akakohoa, na madam akaingia, na nikatambua kwamba hata safari hii alikuwa mlangoni na alikuwa amesikia yote.

"Kwa nini hukusema hivyo?" madam aliniuliza.

"Nimekuwa nikisema hivyo tangu Jumatatu, madam."

Akaenda kumpigia sir simu. Huko milimani simu haikushika, wakazungumza jioni aliporudi. Jumapili asubuhi sir alinipa pasipoti yangu mwenyewe, mkononi, akiangalia saa ya ukutani. Alikuwa amenikatia tiketi ya Jumatatu, ya kwenda na kurudi, akasema ofisini sitarudishwa tena. Niliitia pasipoti kwenye mfuko wa aproni, pale ulipokuwa ufunguo wa dawa, nikaendelea na vyombo.

Shangazi alipiga simu mchana huo. Yeye hakuwa anapiga kamwe, mimi ndiye niliyepiga, kwa hiyo nilijua kabla hajasema. Kukhu alikuwa ameondoka asubuhi, wakati wa chai. Alhamisi na Ijumaa alikuwa ameongea vizuri, shangazi alisema, hata uji alikunywa, akataka mlango uachwe wazi ili aone nikiingia. Hesabu ni rahisi na nimeifanya mara nyingi kuliko nilivyosali. Ningeondoka Jumatano ningefika Alhamisi. Siku zile mbili mlango ulipokuwa wazi, mimi nilikuwa nasugua vigae Al Barsha kwa sababu ya sentensi yake mwenyewe kukhu, niliyoipeleka kwa mtu asiyeijua.

Mazishini mke mwenza hapewi nafasi ya kulia tu. Ni lazima amtanie marehemu kabla udongo haujarudi, watu wacheke, ndipo mzee aondoke vizuri. Nilisimama ukingoni nikiwa na lile daftari la kijani. Nilikuwa nimepanga kumsomea majina yote. Nilisoma "luckie" peke yake, nikaeleza maana yake, na wazee waliokunywa busaa yake wakapiga makofi. Kisha nikainama nikamuuliza, "Na wewe utakufa lini uniachie nyumba?" Watu wakacheka sana, kama inavyotakiwa. Kicheko kikaisha. Mimi nikabaki nimeinama, mpaka shangazi akanivuta mkono, kwa sababu nilikuwa nimezoea kujibiwa.

Nilirudi Dubai katikati ya Septemba. Watu huniuliza kwa nini nilirudi, kana kwamba uchovu ni sababu ya mtu kuacha kazi. Binti alikuwa ameshaenda shule. Aliagana na nyanya yake mlangoni, madam aliniambia, akamwita kwa jina lake la ubatizo kama kawaida. Katika daftari lile lote mzee hakuwa amechagua hata moja.

Siku ya kwanza baada ya chakula cha mchana nilitoa kitabu tulichokiacha, nikatafuta ukurasa. Madam Mkubwa akaniwekea mkono juu ya karatasi.

"Ulimwambia nini kaburini?" akauliza.

Nikamwambia. Nikamwambia swali, na kicheko, na kwamba hakuna aliyejibu. Nilisema kwa sauti ya kusomea, bila kupanda wala kushuka.

Aligeuza uso pembeni mpaka nikawa kwenye ukingo wa macho yake. "Nitakufa," alisema taratibu, "siku utakayojua kupika."

Nilikasirika. Nilikuwa nimemgawia jibu lile Jumamosi ile kama maelezo tu, si kama mali yake.

"Hilo si lako, Madam," nikamwambia.

"Najua," alisema. Lakini hakuondoa mkono.

Ndipo nikalia. Kilio ambacho sikupewa nafasi nacho nyumbani kilinitoka pale, kwenye kiti kisicho na mto, kwa sauti kubwa ya kwetu, na madam akaja mbio mpaka mlangoni kwa mara ya tatu. Alisimama akitutazama kidogo. Kisha akauvuta mlango polepole, akaufunga, na nikasikia nyayo zake zikienda zake.

Nilipomaliza nilijifuta uso kwa aproni. Mzee bado alikuwa amegeuza shingo kwa shida, ananiangalia kwa pembeni, anangoja.

"Basi utangoja sana," nikamwambia, "kwa sababu kupika sina mpango wa kujifunza."